Mlango Uliotazamwa kwa Mbali

Usigeuze uso tena. Siku ile uligeuza, inatosha. Ulipita barabara ya nyuma ya jumba la maonyesho, ukaona moshi mweusi unapanda kutoka kwenye lile paa lenye meno kama msumeno, ukasema, "Wanachoma takataka hao," ukaongeza mwendo. Jioni ukasikia kuwa mshonaji mmoja amefia ndani. Ukasema "maskini," ukabadilisha stesheni ya redio. Kisha ukaambiwa mkosaji amepatikana: seremala wa mle mle, aliyeufunga mlango wa dharura kwa kufuli lake mwenyewe. Hapo ukashusha pumzi. Mzigo umepata punda. Ukaenda kuanua nguo zako.

Kupe hakushusha pumzi. Jina hilo alipachikwa na wenzake wa ofisi ya upelelezi, kwa kuwa akishanasa habanduki ila na kipande cha ngozi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kusikiliza huku kafumba jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Jalada la seremala lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka alasiri hiyo. Likishatoka mezani, seremala angekuwa muuaji wa karatasini, na kumtoa huko ni sawa na kurudisha maziwa chuchuni. Kupe alikuwa na asubuhi tu.

Aliianzia mahabusu.

Seremala alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anakwangua ukucha kwa ukucha kama anayetafuta ulimbo wa kuutoa. Alipomwona afande alijaribu kusimama.

"Kaa. Kufuli ni lako?"

"Langu. La sanduku la vyombo. Lilipotea."

"Liliibwa?"

"Afande, karakana ile kitu hakiibwi. Kinaazimwa mpaka kisahaulike."

"Ule mlango wa kijani wa ukuta wa nyuma. Mara ya mwisho uliufungua lini?"

Seremala alitazama dari. "Sijawahi kuufungua."

"Miaka yote uliyofanya kazi pale?"

"Wewe kwako madirisha yote umeshayafungua? Mbele ya ule mlango kuna turubai muda wote, limetandazwa, bichi. Ukikanyaga turubai bichi mzee wa rangi anakutoa roho. Afadhali ukanyage kaburi la mama yake." Akakumbuka anayeongea naye. "Samahani. Ni bibi yako huyo."

"Endelea."

Ndiyo, mzee wa rangi, fundi mkuu wa wachoraji na mwenyekiti wa mafundi wote wa karakana, alikuwa mjomba wa Kupe, tena mjomba aliyemlea. Mkubwa wa ofisi alimpa kesi hii akilijua hilo. Wengine wangesema ni heshima. Kupe alikuwa ameanza kunusa harufu nyingine: undugu huzima makali ya kisu.

"Milango ya jukwaani huwa mnaitengeneza ninyi?"

"Mimi naunda fremu, nawamba kitambaa, wachoraji wanapaka. Nimeunda mlango wa jela, wa ikulu, wa choo. Wa kijani nao niliunda, wa igizo lililoahirishwa. Mpaka leo limeahirishwa."

Kupe hakuandika kitu. Aliuliza jambo jingine, lililokuwa likimkereketa tangu chumba cha maiti.

"Mshonaji alikuwa anashika rangi?"

Kwa mara ya kwanza seremala alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi. "Bi Sabuni? Yule kazini hashiki hata chungwa. Kunawa kutwa, kama daktari wa kupasua. Kazi yake kuunganisha vitambaa vyeupe, doa moja tu na kazi ya wiki nzima imekwenda. Ukimpa mkono anakupa kiwiko." Macho yakamjaa. "Alikuwa anakupa kiwiko, afande."

Kule chumba cha maiti viganja vyote viwili vya Bi Sabuni vilikuwa vya kijani. Daktari alisema, "Si alikuwa anafanya kazi kwenye rangi huyu?" Kupe akaitikia kwa kichwa, akakubali. Sasa alijiona mjinga.

*

Lile jengo la karakana ya mandhari ya jukwaani mgeni akiliona hudhani aliyelijenga alikuwa mlevi. Ni refu kama ghorofa tatu, na ndani hamna ghorofa hata moja. Lango lake la mbele limekwenda juu karibu na paa, lakini ni jembamba, watu wawili wanene hawapishani. Paa lina meno, na kila jino lina vioo upande mmoja tu. Sakafu ni ya mbao. Na juu, kuzunguka kuta zote, kuna roshani nyembamba isiyokwenda popote.

Kupe alilijua tangu akiwa mtoto wa shule. Mjomba alimshika mkono, akamweleza. Lango ni refu na jembamba kwa sababu kuta za jukwaa husafiri zimesimama kwa ubavu, kama vitabu vikitolewa rafuni. Sakafu ni ya mbao ili turubai lipigiliwe misumari pembezoni lisijikunje. Vioo vinatazama upande jua lisikopita, ili mwanga uwe mmoja asubuhi mpaka jioni, rangi isimdanganye mchoraji. Na roshani ni ya kutazamia. "Kazi yetu haitazamwi kwa karibu," mjomba alimwambia. "Kwa karibu ni madoa. Panda juu, utaona msitu." Akapanda. Akaona msitu. Tangu siku hiyo hakuna mtu duniani aliyemwamini kuliko huyo mjomba.

Sasa sehemu kubwa ya mbele ilikuwa majivu. Moto ulianzia pale, penye jiko la kuyeyushia gundi, ukaziba lango. Waliokuwa karibu walitoka. Bi Sabuni alikuwa katikati ya ukumbi na cherehani yake, hakuwa na pa kwenda ila nyuma.

Nyuma turubai lilikuwa bado limetandazwa, mandhari ya anga iliyopakwa nusu. Maji ya zimamoto yaliishia mbele, hayakulifikia. Kupe alisimama ukingoni, akaona kandambili. Moja imelala chali, nyingine imeruka mbali kidogo. Bi Sabuni alikuwa anakimbia kifo, lakini alipofika kwenye turubai bichi alivua viatu.

Kupe alichuchumaa akakaa hivyo kwa muda.

Nyayo zake zilikuwa wazi kwenye rangi ya bluu, vidole vimezama, visigino havikugusa. Zilikwenda moja kwa moja, hazikuyumba kushoto wala kulia, mpaka kwenye mlango wa kijani; buti za zimamoto zilikuwa zimepita kando tu. Mtu mwenye kuhangaika huzunguka. Huyu alikuwa anajua anakokwenda.

Kupe naye akavua viatu, akapita kando ya nyayo hizo. Rangi ilikuwa imeshakauka.

Mlango ulikuwa wa mbao nzito, umepigwa masizi. Kitasa cha chuma. Kufuli la seremala lilikuwa limeshakatwa na kupelekwa ofisini kama kidhibiti. Alitoa leso, akailowesha kwa maji ya chupa, akasugua ubao. Kijani hakikutoka hata chembe. Ilikuwa rangi ya mafuta, rangi ya milango ya kweli. Akasugua kwa nguvu zaidi. Kilichotoka ni masizi. Yaliteremka mepesi, kama uji, yakaacha leso ikinuka gundi.

Akaenda kwenye ukuta hatua chache pembeni, akasugua masizi ya huko. Hayo yalipakazika, yakang'ang'ania, mafuta matupu. Masizi ya moto hayatoki kwa maji. Yanayotoka kwa maji ni yale yanayopikwa na wachoraji: unga wa rangi na gundi ya moto, mchanganyiko ambao ukishakauka bado kiganja chenye jasho kinaondoka nao.

Kiganja chenye jasho.

Kupe aliurudisha mkono nyuma kama aliyeungua. Bi Sabuni hakusukuma mlango huu. Alisukuma kitu cha kijani kilichopakwa rangi ya gundi, na mlango huu umekuja baadaye ukapakwa masizi ili ufanane na msiba.

Aliusukuma. Ukafunguka bila kelele, bawaba mpya, ukamwonyesha ghala la Mkurugenzi, mwenye jengo. Ghala hilo lilijengwa kuegemea ukuta ule miaka kadhaa nyuma. Kingo za ukuta pale mlango ulipopachikwa zilikuwa na saruji ya kijivu, bado mbichi. Chini, ndani ya ghala, mtu alikuwa amefagia vizuri, ila wenye kufagia usiku husahau pembe. Kwenye pembe kulikuwa na vipande vya tofali.

Kwa hiyo siku ya moto hapa palikuwa ukuta. Zimamoto walimtoa Bi Sabuni katika moshi mzito, nani angepapasa ukuta? Usiku ule walinzi wa Mkurugenzi ndio waliokaa langoni. Asubuhi wapelelezi wa kwanza walikuta mlango, kufuli, na jina la mwenye kufuli. Kila kitu tayari mezani, kilichobaki ni kunawa na kula.

Lakini wakaguzi? Kila mwaka walikuja, kila mwaka walisema mlango wa dharura upo. Kupe aliinua macho. Roshani ilikuwa pale pale, nyembamba, imetulia.

Hakutaka kulifikiria lililofuata. Akalifikiria.

*

Kando ya lango, upande wa mbali na jiko la gundi, kuna rafu kuu, iliyojengewa kuta za jukwaa zilizopumzika. Moto uliilamba tu. Kuta husimama humo mbili mbili, uso kwa uso, ili rangi isichubuliwe na mbao za mwenzake. Hiyo nayo alifundishwa na mjomba: "Zilaze kama wapenzi." Kupe alipita akihesabu migongo. Mwishoni kabisa alikuta moja iko peke yake, imeelekezwa ukutani, haina mwenza.

"Acha hiyo."

Hakugeuka. Sauti hiyo ilimwimbia akiwa na surua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona hukuniambia unakuja? Ningekuwekea chai."

Mzee wa rangi alikuwa amesimama langoni, askari wawili wa zamu nyuma yake, mwembamba kama lango lenyewe, koti lake la kazi limekakamaa kwa rangi za miaka mingi. Mikononi alikuwa na brashi zilizooshwa. Karakana imeungua, yeye ameosha brashi.

"Nisaidie kuigeuza," Kupe alisema.

"Ni takataka tu hiyo. Mazoezi."

"Basi haina neno tukiiona."

Waliigeuza. Ulikuwa mlango wa kijani. Kitambaa kimewambwa kwenye fremu nyepesi, na juu yake bawaba, mbao, misumari yenye kutu, kitasa chenye mng'ao, na chini ya kitasa kivuli laini kinachodondoka kama maji. Kupe alijua kuwa si kweli, na bado mkono wake ulitaka kukishika kitasa. Hakuwahi kuona kazi nzuri kuliko ile.

Katikati, kimo cha kifua cha mwanamke, kulikuwa na viganja viwili vilivyoondoka na rangi. Chini yake vingine. Chini zaidi, michirizi ya vidole.

Mjomba alitazama brashi zake.

"Mkurugenzi alikwambia uchome," Kupe alisema.

"Alisema nichome."

"Kwa nini hukuchoma?"

Mzee alizipanga upya brashi mkononi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeona aibu ya jambo dogo katikati ya jambo kubwa: "Sikuweza. Kile kitasa kilinichukua siku nyingi."

Kupe alihisi kitu kinamkatika ndani, kama uzi wakati cherehani bado inakwenda. Akaendelea na kazi.

"Siku za ukaguzi, nani alikuwa anatandaza turubai?"

"Mimi."

"Na kulipaka maji na rangi kabla wakaguzi hawajafika?"

"Mimi."

"Halafu unawaambia, jamani ni bichi, tusikanyage, karibuni roshanini."

"Kila mtu hupandishwa roshanini. Hata wewe nilikupandisha."

"Nakumbuka, mjomba. Ndiyo inayoniuma."

Mzee alizitupa brashi chini. "Alitaka upande mmoja wa jengo! Alikuja na mchoro, akasema: naongeza sakafu juu, vioo vya paa vinakwenda. Au naegemeza ghala ukuta wa nyuma, mlango unazibwa. Chagua, mwenyekiti, mwanga au mlango. Bila ule mwanga hii si karakana, ni stoo! Mafundi wangetawanyika wote. Nilikuwa nawalinda."

"Uliwauliza?"

"Nini?"

"Hao uliokuwa unawalinda. Walikuchagua wewe uwasemee. Uliwaita kikao ukawaambia, tumebaki na mlango mmoja?"

"Hakuna mtu aliyewahi kuutumia ule mlango, mama. Hata mmoja!"

"Mmoja."

Mjomba aliinama kuokota brashi moja, akaiacha.

"Aliujua kwa mbali," Kupe alisema. "Kama wote. Kila siku anauona pale, kijani, anajisemea, likitokea la kutokea nitapita pale. Akavua viatu asikuharibie anga lako. Akafika. Akasukuma. Wewe ulikuwa umeshatoka nje?"

"Nilikuwa nje."

"Ulimsikia?"

Vidole vya mzee vilianza kuchuna rangi iliyokauka kwenye mkono wa koti.

"Na kufuli la seremala?"

"Hilo si wazo langu. Mkurugenzi alitaka kitu cha kufungia. Nikampa kilichokuwa karibu."

"Ulijua ni la nani?"

"Lina alama yake."

"Ulijua, basi. Jana nilimwona mkewe nje ya mahabusu. Aliniuliza kama mwenyekiti atakuja kumtetea mumewe. Nikamwambia, atakuja, namjua."

Simu ilitetema mfukoni mwa Kupe. Mkubwa wa ofisi. Aliipokea bila kuondoa macho kwa mjomba.

"Jalada liko wapi?" mkubwa aliuliza. "Watu wanasubiri."

"Lisiende. Seremala hakufunga mlango. Palikuwa hapana mlango."

"Sikiliza, Kupe. Mkurugenzi si mtu wa kuchezewa. Halafu ukichimba hapo unajua unamfukua nani. Fikiria nyumbani kwenu."

"Kwa hiyo wewe ulishajua."

"Lete jalada, Kupe," mkubwa alisema.

"Nimekusikia, mkubwa," alisema Kupe. "Na hawa maaskari wawili uliowaweka langoni wamekusikia pia, maana nimeweka sauti ya juu."

Akakata. Kila pembe ya siku ile ilikuwa na mtu wake aliyemgeuka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, hawakusema utafanya nini ukishavua nguo zote na bado kinakula.

Mjomba alisogea. "Mama yako alikuacha mikononi mwangu. Sikukunyima kitu."

"Hukuninyima. Ulinifundisha kutazama."

"Basi nitazame mimi. Mimi ni mtu mbaya?"

Kupe alimtazama, hakuyakwepa macho yake. Aliona mzee aliyempaka mafuta ya mgongo alipokuwa na homa. Aliona pia viganja viwili kwenye kitambaa. Vyote vilikuwa pale pale, na hakuna roshani ya kupandia mbali navyo.

"Uko chini ya ulinzi, mjomba. Utasema hayo yote, na jina la Mkurugenzi, mbele ya anayeandika. Seremala hatalala mahabusu leo." Akawaita maaskari waje wabebe kidhibiti.

Walipoushika ule mlango wa kitambaa kwa bapa, mzee alipiga kelele kama amechomwa. "Siyo hivyo! Mtaufuta! Hawajui kubeba hawa." Akamgeukia mpwa wake, uso umelowa. "Usimamishe kwa ubavu. Wewe shika chini, mimi juu. Polepole. Usiguse pale... usiguse mikono yake."

Wakaubeba wawili, mjomba na mpwa, umesimama kwa ubavu, mpaka kwenye lile lango refu jembamba. Ukapita bila kugusa upande wowote. Nje mafundi walikuwa wamekusanyika, na mke wa seremala mbele yao. Kwa mara ya kwanza waliuona mlango wao kwa karibu, kwenye jua, ukipita mbele ya pua zao. Mke wa seremala alitazama viganja vile, akamtazama mwenyekiti, akavua kanga ya mabegani akavifunika viganja hivyo visiingie vumbi.

Na wewe unayesoma, usiseme umesikitika. Ulisikitika mara ya kwanza, haikumfaa mtu. Kazini kwako kuna mlango ulioandikwa *dharura*. Shuleni kwa mwanao upo, kwenye ukumbi unaochezea harusi upo. Umeuona mara ngapi kwa mbali ukaridhika? Weka kitabu chini. Kitakungoja, marehemu hakungojewa. Nenda sasa hivi, ulikanyage turubai lao bichi, upite mbele ya anayekwambia subiri, uweke viganja vyako viwili pale alipoweka vyake Bi Sabuni. Usiutazame. Usukume.